Kigari cha Mtoto na Mzazi Akimbiaye

Ndama huzaliwa, akajikung'uta, na kabla ya siku kwisha akamfuata mama yake kwa miguu yake mwenyewe. Mwana wa binadamu hakupewa bahati hiyo. Hupita karibu mwaka mmoja kabla hajatembea, na miaka mingine kadhaa kabla hajaweza kufuatana na mzazi wake mwendo wa mtu mzima. Kwa hiyo hakuna taifa duniani lisilolazimika kutafuta njia ya kumchukua mtoto kutoka mahali hata mahali, na njia iliyochaguliwa na kila taifa hueleza habari nyingi za taifa lenyewe: nani alikuwa na kazi na nani alikuwa na nafasi, nani alibeba na nani alibebewa.

Waswahili na jirani zao wa bara walitosheka kwa muda mrefu na mbeleko, yaani nguo ya kumfungia mtoto mgongoni. Heshima ya nguo hiyo ilikuwa kubwa hata ikaingia katika ada za harusi za mwambao: pamoja na mahari, bwana arusi alitakiwa kutoa mbeleko, kuwa shukrani kwa mama aliyembeba bibi arusi alipokuwa mchanga. Mbeleko haina ufundi wa kujivunia, lakini ina hekima isiyopatikana katika vyombo vingi vya fahari. Humfanya mchukuzi na mchukuliwa kuwa kama mwili mmoja. Mama akijikwaa, mtoto hushtuka, na mshtuko ule mama huupata mgongoni. Homa ya mtoto huijua kwa ngozi yake kabla hajaambiwa na mtu. Kichwa cha mtoto kikilegea kwa usingizi, huinama kidogo akakiweka sawa, wala hakomi kutembea. Gurudumu lilipotiwa kati ya miili miwili hiyo, mzigo ulipungua, lakini habari nazo zilikatika. Historia ya kigari cha mtoto, tangu kilipovutwa na mbuzi mpaka kiliposukumwa na mzazi akimbiaye, ni historia ya mzigo kupungua na habari kukatika. Na mtu atakaye kuchagua kigari cha kukimbia nacho hawezi kuchagua vyema asipoijua.

Kigari kinachotajwa sana katika historia hiyo kilitengenezwa Uingereza mwaka wa 1733. Fundi wake alikuwa William Kent, msanifu wa majumba na bustani, na aliyekiagiza alikuwa Duke wa tatu wa Devonshire kwa ajili ya watoto wake. Kiti chake kilichongwa mfano wa kombe la pwani, mapambo yake yalikuwa ya nyoka, na chini yake palitiwa springi ili kisiwarusherushe waliomo. Hakikuwa na mpini wa kusukumia, kwa sababu kilikusudiwa kuvutwa na mbuzi au farasi mdogo. Mzazi hakuwamo katika mpango wa chombo kile. Watoto wa mkuu walipita bustanini kama sanamu za thamani, na furaha ya kigari ilikuwa zaidi ya wale waliosimama kukitazama. Hata hivyo zile springi ni jambo la kukumbukwa, maana ndani ya fahari yote ile palikuwa na fundi mmoja aliyekumbuka kwamba mtoto ana mifupa.

Zaidi ya miaka mia ilipita kabla kigari hakijawa chombo cha mji. Mwaka wa 1853 Charles Burton alipata huko Uingereza hati ya kulinda uvumbuzi wake wa kigari cha kusukumwa kwa nyuma. Badiliko hilo laonekana dogo, lakini maana yake ni kubwa. Avutaye humpa mtoto kisogo, asukumaye humwona. Vigari vingi vya miaka ile vilikuwa na magurudumu matatu, moja mbele na mawili nyuma, jambo ambalo lingerudi tena baada ya karne moja na zaidi, watu wakalidhani jipya. Mwaka wa 1877 William Wilson alianzisha huko Leeds kiwanda cha Silver Cross, na katika miaka iliyofuata vigari vya Kiingereza vikawa vikubwa, vyenye magurudumu marefu, springi laini na ubavu uliopigwa rangi ukang'aa kama gari la harusi.

Vigari hivyo vilikuwa vizuri, lakini katika nyumba za matajiri mwenye mtoto hakuwa ndiye asukumaye. Kazi hiyo ilikuwa ya yaya, aliyevaa nguo rasmi akakisukuma kigari bustanini alasiri. Desturi hiyo ilisafiri pamoja na utawala. Nairobi na miji mingine ya Afrika Mashariki iliona vigari vya watoto wa wageni vikisukumwa na yaya Mwafrika, ambaye pengine mtoto wake mwenyewe alikuwa mgongoni mwa bibi yake siku ile ile, mbali na pale. Kigari kilikuwa kimerahisisha kazi ya kubeba. Hakikubadili bado swali la nani abebe mtoto wa nani.

Mtu mmoja wa zama zile alijaribu kuunganisha tena macho ya mtoto na ya mchukuzi wake. Huyo alikuwa William H. Richardson wa Baltimore, Mmarekani mweusi, ambaye mwaka wa 1889 alipata hati ya uvumbuzi wa kigari chenye kitanda cha kugeuzwa. Msukumaji akitaka, mtoto alitazama mbele aone njia. Akitaka, mtoto aligeuzwa wakatazamana uso kwa uso. Pia magurudumu ya kigari chake yaliweza kuzunguka kila moja kwa peke yake, hata kigari kikageuka mahali pembamba. Uvumbuzi wa namna hii haukuongeza fahari ya chombo hata kidogo. Uliongeza habari: aliyesukuma aliweza kuona kama mtoto anacheka, analia au amesinzia.

Wakati huo huo, upande wa pili wa bahari, jambo jingine lilikuwa limetokea ambalo lingebadili mwendo wa magurudumu yote. Huko Belfast aliishi daktari wa mifugo, Mskoti aliyeitwa John Boyd Dunlop. Mtoto wake wa kiume alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu yenye mipira migumu, isiyo na upepo ndani, nayo ilitikisika juu ya barabara za mawe. Mwaka wa 1887 Dunlop alichukua mpira mwembamba, akaufanya mrija, akaujaza upepo, akauzungushia gurudumu. Mwaka wa 1888 alipata hati ya uvumbuzi. Baadaye ilionekana kwamba Mskoti mwenziwe, Robert William Thomson, alikwisha fikiri jambo hilo na kupata hati yake tangu miaka ya 1840, lakini wakati wa Thomson dunia haikuwa na baiskeli za kulitumia. Wakati wa Dunlop ilikuwa nazo. Mwaka wa 1889 mpanda baiskeli Willie Hume alishinda mashindano huko Belfast kwa mipira ya upepo, na tangu hapo hakuna aliyetaka tena kupanda juu ya mpira mgumu. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba gurudumu la upepo, ambalo leo ni moyo wa kigari cha mbio, lilizaliwa kwa sababu baba mmoja alitaka mwili wa mtoto wake usitikiswe.

Lakini mpira haukuota Belfast. Ulitoka katika misitu ya nchi za joto, na kiu ya viwanda ilipozidi, sehemu kubwa ya mzigo huo iliangukia Kongo, iliyokuwa tangu 1885 mali ya mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji chini ya jina la Dola Huru. Wanaume walipelekwa msituni kugema utomvu wa mitambaazi, na ili wasitoroke, wake zao waliwekwa rehani, wamefungwa mpaka kipimo cha mpira kitimie. Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, alisafiri huko mwaka wa 1903, na taarifa yake ilipotolewa mwaka wa 1904 ilithibitisha ukatili uliokuwa umesemwa na wamisionari na na Edmund Dene Morel. Mwaka huo huo wa 1904, mahali paitwapo Baringa, mmisionari Alice Seeley Harris alipiga picha ya mtu mmoja, Nsala, ameketi kibarazani anatazama mkono na mguu wa binti yake, mtoto wa miaka kama mitano, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Picha ile ilizunguka Ulaya na Marekani, ikawa miongoni mwa mambo yaliyomlazimisha Leopold kuiachilia nchi mwaka wa 1908. Dunlop hakuwa na mkono katika mauaji yale. Lakini historia haina budi kuweka picha hizi mbili karibu: baba mmoja anamtilia mwanawe upepo katika gurudumu, na baba mwingine, miaka kumi na saba baadaye, anatazama kilichosalia cha binti yake. Faraja ya mtoto mmoja ilikuwa na gharama, na gharama hiyo ililipwa na mtoto mwingine ambaye hakuna aliyemwuliza.

Baada ya vita vikuu viwili maisha ya Ulaya na Marekani yalibadilika. Katika nyumba za watu wa kati mayaya walipungua, na wazazi wakaanza kusukuma vigari vyao wenyewe, kupanda navyo katika mabasi na kuvipandisha ngazi. Hapo kigari kizito cha zamani kilikuwa adha tupu. Aliyelitatua jambo hili alikuwa Owen Finlay Maclaren, Mwingereza mwenye ujuzi wa ndege, aliyekuwa ameshiriki katika kubuni miguu ya kutua ya ndege ya vita iitwayo Spitfire. Yasimuliwa kwamba binti yake alisafiri kwa ndege pamoja na mtoto mchanga akalalamikia uzito wa kigari chake, na babu akafikiri. Mguu wa ndege hutoka ukashika uzito mkubwa, kisha hujikunja ukaingia mahali padogo. Kwa nini kigari kisifanye vivyo hivyo? Mwaka wa 1965 aliandikisha uvumbuzi wa kigari cha aluminiamu na kitambaa, chenye uzito wa pauni 6, yaani karibu kilo 3, kilichokunjwa kwa mkono mmoja kama mwavuli. Kigari hicho kilimpa mzazi uhuru wa kusafiri. Lakini kilikuwa na magurudumu madogo mno yaliyofaa sakafu na njia laini za mjini, na aliyejaribu kukimbia nacho alikiona kinatetemeka kama ungo wa kupepetea.

Kukimbia nako kulikuwa kunakuja. Hapo kwanza mtu mzima aliyekimbia barabarani bila ya kufukuzwa alidhaniwa mwanariadha au mwenda wazimu. Badiliko lilianzia New Zealand. Arthur Lydiard wa Auckland, fundi wa viatu na mwalimu wa wakimbiaji, alikuwa amewatayarisha Peter Snell na Murray Halberg, ambao walipata dhahabu siku moja katika michezo ya Olimpiki ya Rome mwaka wa 1960. Lydiard alisadiki kwamba mbio za taratibu, zile ambazo mtu aweza kukimbia huku anazungumza, zingewafaa hata watu wa makamo na wenye maradhi ya moyo. Mwisho wa mwaka wa 1962 Bill Bowerman, mwalimu wa riadha wa Chuo Kikuu cha Oregon, alimtembelea, akaona wazee wakimpita katika mbio hizo. Aliporudi Eugene alianzisha makundi ya watu wa kawaida, na miaka michache baadaye, pamoja na daktari wa moyo W. E. Harris, akatoa kitabu kilichoeneza jambo hilo Marekani nzima. Mwaka wa 1972 Frank Shorter aliposhinda marathoni ya Olimpiki huko Munich, njia za bustanini zilijaa watu.

Walioingia katika mbio hizo walikuta mlango mmoja bado umefungwa. Wanawake walizuiwa katika mbio ndefu kwa madai kwamba miili yao haiwezi. Mwaka wa 1966 Bobbi Gibb alikimbia marathoni ya Boston bila ya ruhusa. Mwaka wa 1967 Kathrine Switzer alikimbia akiwa na namba kifuani, na mmoja wa wasimamizi alijaribu kumtoa kwa nguvu njiani. Boston iliwakubali wanawake rasmi mwaka wa 1972, na marathoni ya wanawake iliingia katika Olimpiki mwaka wa 1984 huko Los Angeles, ambako Joan Benoit alishinda. Basi sasa baba alikimbia na mama pia alikimbia, na mtoto alikuwa nyumbani. Wakati wa mbio ukawa ni wakati wa kuiba: ama mzazi alikimbia usiku wa manane, ama alingoja mwenziwe arudi, ama aliacha kabisa. Mara nyingi aliyeacha alikuwa mama.

Katika mwaka ule ule wa 1984 jawabu lilitoka katika mji mdogo wa Yakima, katika jimbo la Washington. Phil Baechler alikuwa mfanyakazi wa gazeti, mkimbiaji, na baba wa mtoto mdogo. Taabu yake ilikuwa taabu ya wazazi wote wakimbiao, maana saa ya mbio na saa ya mtoto zilikuwa saa moja. Alichukua kigari, akakitia magurudumu ya baiskeli, akatoka nacho. Baada ya kujaribu na kurekebisha, yeye na mkewe Mary Baechler walianzisha kampuni ya kuvitengeneza na kuviuza, na jina walilokipa, Baby Jogger, likawa karibu jina la chombo chenyewe, kama ilivyo desturi ya bidhaa ya kwanza kuwapa jina zote zifuatazo.

Ufundi wa chombo hicho waeleweka upesi na mtu yeyote aliyepata kupika juu ya mafiga. Mafiga matatu hukaa imara hata juu ya ardhi isiyo sawa, kwa kuwa yote matatu huigusa nchi daima. La nne likiongezwa, mara moja huelea. Magurudumu matatu ni vivyo hivyo. Gurudumu kubwa hupita juu ya shimo ambalo gurudumu dogo lingetumbukia, na upepo uliomo humeza mshindo wa kokoto, kama alivyotaka Dunlop. Gurudumu la mbele lilikazwa lielekee mbele tu. Msukumaji akitaka kukata kona hukandamiza mpini kidogo, gurudumu la mbele likainuka, naye akakigeuza. Ni kazi ngumu kidogo, lakini ina sababu yake. Gurudumu lenye uhuru wa kugeuka kila upande ni zuri katika duka na sokoni. Mwendo ukizidi huanza kutikisika kushoto na kulia, na katika mbio laweza kukipindua chombo.

Mafanikio yalileta waigaji, na waigaji wakaleta tamaa ya kuuza chombo kimoja kwa kazi zote. Katika miaka iliyofuata vilitokea vigari vyenye magurudumu matatu na sura ya mbio, ambavyo havikuundwa kwa mbio. Vingine vilitiwa gurudumu la mbele la kugeuka lenye kikazio, ili mzazi alikaze akitaka kukimbia na kulilegeza akitaka kununua mboga. Urahisi ulizidi, na pamoja nao viungo vya kusahauliwa vilizidi.

Hasara za usahaulifu huo zimeandikwa. Mwezi wa Novemba mwaka wa 2009, miaka thelathini na mmoja baada ya kufa kwa Maclaren mwenyewe, vigari karibu milioni 1 vya kukunja vyenye jina lake viliitwa kurekebishwa huko Marekani, kwa kuwa zilipokelewa taarifa 12 za watoto kukatwa ncha za vidole na bawaba wakati wa kukunjua. Ubora ule ule wa kukunjika kwa mkono mmoja ulikuwa umeweka mkasi mahali ambapo kidole cha mtoto hufika. Mwaka wa 2014 Tume ya Usalama wa Bidhaa ya nchi hiyo iliweka kanuni za lazima kwa vigari vyote vya watoto. Hata hivyo mwezi wa Februari mwaka wa 2018 Tume hiyo iliishtaki kampuni moja iliyouza vigari vya mbio. Ilidai kwamba gurudumu la mbele lilishikwa na kishikizo cha kufungua upesi, cha namna ile itumikayo katika baiskeli, na kwamba kishikizo hicho chaweza kuonekana kimefungwa hali hakijafungwa. Tume ilisema imepokea malalamiko 200 tangu mwaka wa 2012, na kwamba watoto wasiopungua 50 na watu wazima wasiopungua 47 waliumia magurudumu yalipochomoka njiani. Kampuni ilikana kwamba chombo kilikuwa na kasoro. Mwezi wa Novemba mwaka huo shauri lilikwisha kwa mapatano: kampuni ikakubali kueneza mafunzo ya kulifunga gurudumu, na kuwapa wenye vigari vya zamani vifaa vipya au punguzo la bei.

Mtu aweza kusema kwamba kosa lilikuwa la wafungaji, na mwingine kwamba lilikuwa la mfungo. Lililo wazi ni kwamba mpanda baiskeli akikosea kufunga gurudumu huanguka yeye, naye alikuwa na mikono ya kulikagua. Katika kigari, afungaye ni mmoja na aangukaye ni mwingine.

Hapa ndipo ulipo uzito wa kuchagua. Ukiitazama historia yote hii, kigari kilibadilisha bwana mara nne. Kwanza kilimtumikia mtazamaji, kikawa kombe la dhahabu, halafu kikamtumikia yaya na heshima ya nyumba, kisha msafiri, mwisho mkimbiaji. Kila bwana alipata alichokitaka. Aliyemo ndani hakupata kuulizwa, isipokuwa kwa wachache kama Richardson na Dunlop walioanza kazi yao kwa kumtazama yeye. Waswahili husema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Na mshindo wa barabara vilevile ni mwepesi kwa asiyeketi juu yake.

Mchaguzi mwenye busara basi huanza na abiria, ndipo arudi kwake mwenyewe. Swali la kwanza ni la umri. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wake wote, na shingo inayokibeba ni dhaifu. Kwa hiyo madaktari hushauri kwa kawaida kwamba asikimbizwe kabla ya kutimiza miezi 6 hivi, na watengenezaji wengine husema miezi 8; na kila mtoto aangaliwe na daktari wake, maana miezi huhesabiwa kwa kalenda lakini shingo haisomi kalenda. Kabla ya hapo kigari kitumike kwa kutembea tu, na kwa mtoto mchanga kiwe chenye kumlaza.

Swali la pili ni la gurudumu la mbele: je, limekazwa, au laweza kukazwa, na je, mfungo wake huonekana wazi kwa macho na kujaribiwa kwa mkono? Mzazi alishike na kulitikisa kila siku kabla ya kuondoka, kama nahodha akaguavyo kamba za tanga. Swali la tatu ni la mikanda. Mkanda wa kiunoni peke yake hautoshi. Panatakiwa mikanda ya mabega, kiuno na katikati ya miguu, inayokutana mahali pamoja, ili kigari kikipinduka mtoto asitoke. Swali la nne ni la breki. Breki ya kuegesha hufungwa kwa mguu, lakini penye mteremko hutakiwa pia breki ya mkono ya kupunguzia mwendo. Na ugwe wa kifundo cha mkono, ambao wengi huuona ni pambo, ndio peke yake unaobaki kati ya mtoto na bonde siku mkimbiaji ajikwaapo. Swali la tano ni la uzito na njia. Vigari vingi vya mbio huwa na kilo 10 mpaka 14 pasipo mtoto, na mipira ya upepo hupata pancha. Mtu anayeishi ghorofani bila ya lifti, au anayekimbia mara moja kwa mwezi, pengine hana haja ya chombo hiki kabisa. Kununua kisichohitajika nako ni kuchagua vibaya.

Kuna mambo mengine yasiyouzwa dukani. Mkimbiaji hupata joto kwa mbio zake, lakini mtoto ameketi; asubuhi ya baridi yule hutokwa jasho huku huyu anatetemeka. Mchana wa jua mambo hugeuka: kigari kikifunikwa kwa kitambaa ili mtoto apate kivuli, hewa huzuilika na joto la ndani huzidi la nje. Mama wa mbeleko angeyajua haya yote kwa mgongo wake. Asukumaye kigari hana mgongo wa kumwambia, kwa hiyo hana budi kusimama, kuinama na kugusa. Kusimama huko huharibu hesabu ya dakika, na mwenye kuhesabu dakika hakupendi. Lakini siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ya mtungi huu ni mtoto ambaye hajajua kusema.

Uvumbuzi wa Yakima haukuwa mdogo. Uliwatoa wazazi wengi, hasa kina mama, katika kifungo cha kuchagua kati ya afya zao na kukaa na watoto wao. Umewapa watoto asubuhi za upepo na miti ambazo wangezilala. Neema hiyo ni ya kweli, na haifai kudharauliwa. Ila ni neema ya watu wawili, na mmoja wao amefungwa mikanda, ametazama mbele, hana mpini wala breki mkononi. Mwendo wa mbio hizo hupimwa kwa yule. Na mzazi aliyekubali kupunguza mwendo penye kokoto, na kurudi nyumbani mapema jua likipanda, amekwisha kulijibu swali la kigari gani kinafaa kuliko aliyesoma bei zote za soko.